Fundi Randa na Kayaki Iliyoziba Geti

Mvua imekatika sasa hivi. Makochi ya sebuleni yametolewa barazani, zulia limekunjwa na kusimamishwa pembeni, na katikati ya sakafu ya saruji amekaa mwanamke wa makamo juu ya kipande cha godoro. Miguu yake imelala upande mmoja, mahali alipoiweka kwa mikono yake. Mbele yake kuna mbao mbili nyembamba za plaiwudi, zimetazamana ncha kwa ncha.

Anapitisha kidole gumba kwenye ncha ya ubao mmoja. Imechongwa mshazari, inapungua unene polepole hadi mwisho wake unakaribia kuwa kama karatasi. Anachukua msasa, anasugua kidogo, anapitisha kidole tena. Ncha ya ubao wa pili imechongwa vivyo hivyo, ila kwa upande wa chini, ili zikilaliana pasiwe na nundu wala bonde. Mtu akipitisha kiganja asijue ubao mmoja umeishia wapi na wa pili umeanzia wapi.

"Usikanyage uzi," anasema bila kuinua macho.

Mwandishi wa makala haya anasimamisha mguu hewani. Kweli kuna uzi mweupe, umefungwa kwenye msumari kando ya mlango wa mbele, unakatiza sebule nzima, unaingia chumbani kwa mama wa fundi huyo na kuishia kwenye mguu wa kitanda. Huo ndio unaoonyesha mstari ulionyooka. Mbao zikishaunganishwa zinakuwa ndefu kuliko sebule, kwa hiyo mlango wa chumba cha mama haufungiki mpaka gundi ikauke.

Mama mwenyewe, bibi wa kilemba na miwani mizito, amekaa kitandani anakunja nguo na kunung'unika kwa sauti ya kusikika. Anasema alizaa watoto wawili tu kusudi uzeeni apate nafasi, na sasa analala na mashua.

"Kayaki, mama," anamsahihisha binti yake.

"Inalala kwangu. Nitaiita nitakavyo."

Mtaani wanamwita Randa. Jina alipewa na maseremala wenzake enzi zile alipokuwa mwanamke pekee katika karakana ya milango, na si kwa ajili ya ustadi wake wa kupiga randa peke yake. Walisema akikupitia kwa ulimi unabaki laini. Siku hizi wapo wanaosema hasira zake zimezidi. Yeye hakatai. Anasema tu kwamba wanaolalamikia hasira zake hawajawahi kumuuliza zimetoka wapi.

Mwandishi alizionja mapema. Siku ya kwanza alipofika alimkuta Randa na mdogo wake, mwanamume mpole anayetandika vigae kwenye nyumba za watu, na ambaye kwa kazi hiyo mtaa mzima unamwita Vigae. Baada ya salamu, mwandishi akamgeukia Vigae akamuuliza dada yake alianza lini kuunda kayaki. Vigae akatazama sakafu. Randa akaweka msasa chini.

"Mimi nimeumia mgongo," akasema. "Masikio ninayo, ulimi ninao. Ukitaka habari zangu niulize mimi. Ukitaka za vigae muulize yeye."

Mwandishi akaomba radhi. Akaonyeshwa mahali pa kukaa, na baadaye Vigae alimnong'oneza kwamba kwa dada yake hiyo ni dalili nzuri.

Mgongo wenyewe uliumia kazini. Katika ile karakana ya milango, plaiwudi zilikuwa zikishushwa kwenye lori na kuegemezwa ukutani, moja juu ya nyingine, kwa sababu kuzilaza kungekula nafasi ambayo tajiri mwenye karakana aliegesha gari lake. Randa alikuwa ameshasema kwamba rundo lile limesimama wima mno na halikufungwa kwa mnyororo. Alimwambia msimamizi. Alimwambia na tajiri, mbele ya watu. Akaambiwa anapenda kugombana.

Asubuhi moja alikuwa ameinama mbele ya rundo hilo, anapima fremu ya mlango iliyolazwa chini. Hakuligusa. Anasema alisikia sauti kama ya mtu anayefunua ukurasa mkubwa sana, kisha rundo lote likamshukia. Wenzake walimtoa akiwa na fahamu zake. Anakumbuka aliwaambia waliombeba wasiache miguu yake nyuma, na mmoja wao akamjibu huku analia kwamba ameishika.

Tajiri alifika hospitali na mfuko wa matunda. Alikaa kando ya kitanda, akatikisa kichwa, akasema ni mapenzi ya Mungu. Haikupita muda, maseremala waliokwenda kumwona wakamweleza kuwa tajiri anawaambia wateja Randa ndiye aliyechomoa ubao wa katikati.

"Mungu hakuegemeza zile plaiwudi ukutani," anasema Randa. "Aliyeziegemeza ninamjua, na yeye anajua kwamba ninamjua."

Malalamiko yake aliyapeleka kunakohusika. Kila anapokwenda kuyafuatilia anakuta ofisa mgeni anayemwomba aanze kueleza upya. Akifika hapo, msasa mkononi mwake unaanza kwenda mbio.

Wodi aliyolazwa ilikuwa ghorofani na dirisha lake lilitazama bwawa kubwa la maji ya mji. Ng'ambo ya bwawa hilo kuna klabu ya wapiga kafi. Kila asubuhi, wauguzi walipokuwa wanamgeuza upande, alikuwa anawaona watu wakiteleza juu ya maji ndani ya vyombo vyembamba vilivyochongoka mbele na nyuma. Mwanzoni aliwachukia. Baadaye akaanza kuwatazama kwa jicho la fundi.

"Wote walikuwa wamekaa," anasema. "Huoni miguu ya mtu hata mmoja. Unaona mabega na mikono. Nikamwambia mshonaji aliyekuwa kitanda cha jirani, naye kiuno kushuka chini hana habari nacho, nikamwambia, hebu tazama, kule kila mtu yuko kama sisi."

Aliporuhusiwa kutoka na mikono yake ilipokwisha kuzoea kusukuma kiti cha magurudumu, alimwomba Vigae ampeleke kwenye klabu hiyo akaulize kama anaweza kukodi kayaki. Walipokelewa na katibu wa klabu, mtu nadhifu mwenye kofia nyeupe na maneno ya taratibu. Maneno hayo yote aliyaelekeza kwa Vigae. Alimuuliza kama mgonjwa anaweza kukaa wima. Alimuuliza itakuwaje akipinduka. Randa akajibu mwenyewe kwamba ameogelea tangu utotoni na kwamba jaketi la kuokolea halichagui miguu. Katibu akatabasamu, akaendelea kumtazama Vigae.

Mwisho alisema kayaki zile ni mali ya klabu na klabu haiwezi kubeba dhamana ya namna hiyo. Kisha akaongeza, kwa upole wa mtu anayefunga mlango polepole usigonge: "Akija na chombo chake mwenyewe, tutazungumza."

 

Nyuma ya nyumba kulikuwa na msumeno wa mashine aliojinunulia zamani kwa ajili ya kazi zake za pembeni. Ule msumeno unamtaka mtu aliyesimama. Akauuza, na kwa kilichopatikana akaagiza kayaki ya mbao ya kujiundia, ile inayokuja vipande vipande ndani ya boksi. Boksi lilipofika Vigae alicheka mpaka akakaa chini. Alitarajia chombo. Lilikuwa bapa kama boksi la kitanda, na ndani yake mlikuwa na mbao nyembamba zilizokwisha kukatwa, waya wa shaba, gundi ya makopo mawili ya kuchanganya, na kitambaa cha nyuzi za kioo kilichoviringishwa.

Kila ubao mrefu ulikuwa umekatwa kati, kwa kuwa hakuna msafirishaji anayekubali boksi lenye urefu wa kayaki. Kwa hiyo kazi yote inaanzia kwenye kuunganisha. Ubavu wa kulia lazima uwe pacha wa ubavu wa kushoto. Kiungo kimoja kikipinda, hata kwa unene wa sarafu, kasoro hiyo inatembea na chombo mpaka mwisho wake.

"Kayaki iliyopinda haizami," Randa anaeleza. "Afadhali ingezama. Inaelea vizuri, inakuchekea, halafu kila ukipiga kafi inakupeleka upande isikotaka roho yako. Utaumia bega kwa kuirudisha, na watu watasema ni kwa sababu hujiwezi."

Hapo ndipo walipogombana yeye na mdogo wake. Vigae alitaka kusaidia, na alitaka kusaidia haraka. Kwenye kazi yake saruji haimsubiri mtu. Siku ya viungo vya kwanza Randa alikuwa na kliniki, akamwagiza asafishe ncha tu, asiguse gundi. Vigae akaona amfanyie dada yake jambo la kumfurahisha. Akachanganya gundi, akapaka, akalaza ncha juu ya ncha, akakandamiza kwa maboksi ya vigae. Uzi aliufungua ili mama apite, akasahau kuurudisha. Misumari midogo ya kuzuia mbao zisiteleze hakupigilia. Gundi ikiwa mbichi ina utelezi kama sabuni, na mbao zikatembea taratibu chini ya ule uzito bila mtu kuona.

Randa alirudi, akasogeza kiti hadi mwisho wa ubao, akafumba jicho moja. Ubao ulikuwa na kiwiko.

Aliyoyasema siku ile hataki yaandikwe yote. Alimwambia mdogo wake kwamba ameunganisha kama mtu ambaye hatakalia chombo chenyewe. Alimwambia kwamba naye ni walewale. Vigae, ambaye mama yao anasema hajawahi kumjibu dada yake tangu wakiwa wadogo, safari hii alijibu.

"Dada, si mimi niliyekuangushia zile plaiwudi," akasema. "Tangu siku ile nyumba nzima tunatembea kwa ncha za vidole. Mimi nimechoka kulipa deni la tajiri wako."

Akachukua maboksi yake ya vigae akaondoka. Hakurudi siku iliyofuata, wala juma lililofuata.

Randa akaamua kukitengua kile kiungo peke yake. Gundi ile ikishakauka ni ngumu kama jiwe, lakini ina udhaifu mmoja: joto huilegeza. Aliazima pasi ya mama yake, akakaa sakafuni, akawa anaikandamiza juu ya kiungo, anaitua kando, anachukua kisu chembamba na kukisukuma katikati ya mbao mbili, polepole, asije akachana ngozi ya plaiwudi. Kisha pasi tena, kisha kisu tena. Kazi ilikwenda vizuri. Kiungo kilikuwa kinafunguka.

Mama yake alikuwa jikoni akasikia harufu. Alidhani ni mbao. Harufu ilipozidi akatoka kuangalia, mwiko mkononi, akamkuta binti yake ameinamia kisu kwa makini, na pasi aliyoitua kando imeegemea paja lake. Gauni lilikuwa limeungua na kutoboka.

"Mama alipiga kelele na mimi nikawa namshangaa," anasema Randa. "Nikamuuliza, kelele za nini? Akaninyooshea mwiko. Ndipo nikatazama."

Anautua msasa kando. Ni mara pekee katika mazungumzo yote ambapo mikono yake imetulia.

"Sikulia kwa maumivu, maana hayakuwepo. Nililia kwa hasira. Mwili wangu unaungua na mimi sina habari. Yule bwana alininyang'anya hata hilo."

Mama hakumshauri aache. Alimfunga kidonda walivyomwonyesha zahanati, kisha akampigia simu mwanawe. Hakumwambia kwamba dada yake ameungua. Alimwambia tu kuna pasi hapa inahitaji mtu wa kuishika.

Vigae akaja siku ile ile. Aliona bandeji, akaelewa. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Mama anasema katika nyumba hiyo radhi haijawahi kuombwa kwa mdomo. Vigae alikaa sakafuni akashika pasi, Randa akashika kisu, na kiungo kikaachia chote bila ufa.

Kisha wakaanza upya. Wakakwangua gundi ya zamani, wakasugua ncha mpaka mti ukaonekana. Wakatandika nailoni chini ili ubao usigande sakafuni. Kwanza wakapaka gundi nyepesi na kuiacha mti uinywe; baadaye ndipo wakapaka nzito, iliyochanganywa na vumbi laini la mbao. Wakapigilia visumari vya kuzuia utelezi. Juu wakaweka ubao wa kukandamizia, na uzito wa kiasi, kwa sababu ukikandamiza mno unaikamua gundi yote na kiungo kinabaki na njaa.

Na katika kuvuta uzi, Randa anakiri, hajawahi kuona mtu wa kumfikia mdogo wake. Mtu anayetandika vigae ukumbini, akikosea mstari mlangoni ataliona kosa limepanuka dirishani. Vigae alikuwa analala kifudifudi, anafumba jicho hili na lile, anagusa ubao kwa ncha ya kidole mpaka ukubaliane na uzi. Safari hii hakuna aliyeharakisha. Mama alilala mlango wazi na hakulalamika, au alilalamika kidogo.

Baada ya hapo kazi ilinyooka. Mbao zilishonwa kwa waya wa shaba, zikajikunja zenyewe zikaleta umbo la chombo, zikagandishwa kwa ndani, zikavalishwa kile kitambaa, zikapigwa vanishi. Majirani walikuja kuchungulia. Walikuwa wanapapasa ubavu wa kayaki wakitafuta kiungo kilipo, na Randa alikuwa anawaacha watafute.

Jumamosi iliyofuata Vigae alikodi pikapu, wakaipeleka kayaki klabuni. Getini mlinzi mmoja mrefu aliitazama, akaisifia, akasema hawezi kufungua bila katibu. Katibu akaja na kofia yake nyeupe. Randa akamkumbusha kauli yake. Katibu akasema hakumbuki, na kwamba hata hivyo geti ni la wanachama, na uanachama wa mwaka huu umejaa. Aliyasema hayo akimtazama Vigae.

Randa akamwambia mdogo wake ashushe kayaki. Ikashushwa, ikawekwa chini mbele ya geti, kutoka nguzo hii hadi nguzo ile. Kisha akasogeza kiti chake kando yake, akashuka kwa nguvu za mikono, akajitumbukiza ndani, akapanga miguu yake, akashika kafi. Akakaa hapo, kwenye nchi kavu, uso ameugeuzia barabarani.

Magari ya wanachama yakaanza kufika. Honi zikapigwa. Bwana mmoja wa miwani ya jua akashuka garini akamwambia Vigae amtoe huyo mama njiani.

"Mwambie mwenyewe," Vigae akamjibu. "Anasikia."

Jua likapanda. Foleni ikafika barabara kuu. Katibu alizunguka, akapiga simu, akarudi na wazo. Kwa mara ya kwanza akainama na kuongea na Randa uso kwa uso. Akamwambia klabu ingependa kumpa heshima: wamwingize ndani, waiweke kayaki majini ikiwa imefungwa kwenye gati, yeye akae ndani yake, wapige picha nzuri ya kuweka kwenye ukurasa wa klabu. Kisha arudi nyumbani salama.

Randa akagonga kafi kwenye ubavu wa kayaki. Alimwambia katibu kwamba yeye si maua ya kupambia meza yao.

Aliyeufungua mkwamo ule alikuwa mlinzi. Alimsogelea Randa kama mtu anayemfukuza, akasema kwa sauti ya chini kwamba klabu inamiliki geti, haimiliki maji. Nyuma ya uzio, mwendo mfupi, kuna mahali malori ya maji hushuka kujaza matangi. Pale hapana mlinzi.

Wakaenda. Palikuwa na tope la matairi na vipande vya mabomba. Kiti cha magurudumu kilizama, kikagoma. Randa akajitupa chini, akajivuta kwa viwiko hadi ukingoni, tope mpaka kidevuni, wakati Vigae anaburuta kayaki. Dereva mmoja wa lori alishuka akitaka kumbeba. Akamwambia ashike chombo kisiyumbe, yeye aachwe. Akaingia. Vigae akasukuma.

Kayaki ilikwenda moja kwa moja. Randa alipiga kafi kulia, akapiga kushoto, akaacha kupiga, na ncha ya mbele ikabaki inatazama kule kule alikoilenga. Aliangalia sakafu ya chombo, palipo viungo. Pakavu.

Vigae alikuwa amesimama kwenye tope hadi magotini. Anasema hakushangilia, alikuwa anaogopa kupumua.

Randa hakuzunguka bwawa kutazama mandhari. Alikata maji hadi kwenye gati la klabu, ambako wanachama walikuwa wamekaa chini ya miamvuli wanakunywa chai. Vikombe vikasimama. Akafunga kamba kwenye nguzo, akapangusa tope usoni kwa mkono, akamtafuta katibu kwa macho mpaka akampata.

"Nimekuja na chombo changu," akasema. "Tuzungumze."

Mazungumzo hayakuwa mengi. Katibu alisema ataitisha kikao. Kikao kikakaa, na kilichotoka humo ni kibao kipya kwenye gati: vyombo visivyo vya wanachama haviruhusiwi kufungwa hapo. Jumamosi iliyofuata Randa alifunga kayaki yake kwenye nguzo ya kile kibao. Ameendelea hivyo kila Jumamosi. Wanachama wawili watatu wameanza kumsalimia, na mama mmoja mtu mzima humletea chai. Katibu, kila akimwona, huingia ofisini kwake.

Mlinzi aliachishwa kazi. Mtu alikuwa amemwona akinong'ona.

Habari hiyo ndiyo inayomchoma Randa kuliko zote. Anasema yeye alikuwa amejiandaa kuumia, lakini yule baba wa watu alisema sentensi moja tu. Alimtafuta mtaa kwa mtaa mpaka akampata akipanga matofali kwenye jengo la watu.

Kuna jambo jingine. Mmoja wa wanywaji chai alikuwa amerekodi kwa simu, na video ya mwanamke mwenye tope anayefunga kayaki ikasambaa. Maelfu ya watu wasiomjua wakamwita shujaa na mfano wa kuigwa. Yule tajiri wa karakana naye aliisambaza. Aliandika kwamba anajivunia, kwa kuwa fundi huyo ni zao la karakana yake.

Vigae alitaka kuificha simu, lakini Randa alishasoma.

"Ni kweli kabisa," anasema, na sauti yake imeshuka. "Hali hii ni zao la karakana yake. Safari hii ameandika mwenyewe, kwa jina lake, hadharani. Nimeipeleka na hiyo kule kwenye malalamiko yangu."

Anamgeukia mwandishi. "Na wewe usiniite shujaa kwenye gazeti lako. Shujaa watu wanampigia makofi halafu wanaenda zao. Andika kwamba nimekasirika na kwamba naendelea."

Mbao zilizo sakafuni leo ni za kayaki ya pili. Ni ya yule mshonaji wa wodini, ambaye kwa sasa hufika jioni kwa jioni kufanya mazoezi ya mabega na kubishana na mama kuhusu rangi ya vanishi. Wengine nao wameuliza. Sebule haitoshi tena, na mama ametangaza kwamba anataka mlango wake ufungwe kabla hajafa.

Kwa hiyo Randa amepangisha chumba cha duka lililokufa, mtaa wa pili. Ana mpango wa kuunda kayaki hapo na kufundisha kazi ya viungo kwa yeyote anayetaka, mwenye miguu na asiye nayo. Vigae ametandika sakafu, na mstari wake hauna dosari. Mfanyakazi wa kwanza ni yule mlinzi, ambaye hajawahi kushika patasi lakini, Randa anasema, ameshaonyesha kwamba ana akili ya kutafuta njia.

Alasiri anampeleka mwandishi kupaona. Mabenchi ya kazi yameshaundwa, yamepangwa katikati ya chumba. Ni mafupi, yamepimwa sawasawa na mapaja ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Mlinzi yuko kwenye benchi la mwisho anajaribu kupiga randa, amejikunja kama ndoano. Anajinyoosha, anashika kiuno, na kwa adabu zote anamuuliza bosi wake mpya kama haiwezekani kuyapandisha haya mabenchi, hata kidogo tu.

Randa anasukuma kiti chake hadi kwenye benchi, anaweka viwiko juu yake, vinatulia barabara.

"Tangu nitoke hospitali," anamwambia, "kila kaunta ninayokwenda, kila meza ya ofisi, kila dirisha la kulipia limepimwa kwa mtu aliyesimama, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama linanifaa. Hapa kwangu benchi halipandi. Mwenye miguu atainama."

Mlinzi anamtazama, anacheka kidogo, anarudi kuinama. Randa anamwangalia anavyoshika randa, kisha anamwambia abadilishe mkono.